Breki ya Mama Élise

Fundi Anselme wa mtaa wa Bigo alikuwa mtu mwema, na anayebisha na aje tubishane. Hakuwa mlevi. Hakuwabadilishia watu vipuri vizima kwa vibovu, mchezo ambao wenye pikipiki wa Bunia wanaujua vizuri kuliko Baba Yetu. Motari wa kubeba abiria akiharibikiwa njiani wakati wa mvua, alijua kwamba Anselme atavaa mabuti amfuate. Lakini mtu mwema naye ana kidonda chake, na kidonda cha Anselme kilikuwa wivu. Si ule wivu wa kuona jirani ameezeka mabati mapya; huo tunao wote, Mungu atusamehe. Wivu wake ulikuwa juu ya mguu. Mguu wa kuume wa mke wake, Dorothée.

Usicheke kwanza. Breki ya disiki, kwa asiyeijua, haivutwi kwa waya. Unakanyaga pedali, pedali inasukuma mafuta ndani ya mpira, mafuta yanaisukuma ile taya ya chuma tunayoiita etrie, na etrie inabana disiki kwa vile vibao viwili tunavyoviita plakete mpaka gurudumu linasimama. Kazi yote ni ya mafuta. Upepo ukiingia humo, hata kidogo, basi tena: unakanyaga, pedali inazama laini kama mkate ndani ya chai, na pikipiki inaendelea na safari yake. Ndiyo maana kila breki ikifunguliwa ni lazima kutosha upepo, kuuondoa wote. Na kutosha upepo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia. Mwingine, amelala chini, anafungua kavisi, skrubu kadogo kaliko juu ya etrie, upepo unatoka ukibubujika, anakafunga, ndipo yule wa juu anaachilia. Wakipishana, huyu akiachilia kabla yule hajafunga, upepo unarudi ndani na kazi inaanza upya.

Kwa kazi hiyo Anselme hakumkubali mtu ila Dorothée. Ndivyo walivyojuana. Alikuwa bado kijana alipoitwa nyumbani kwa muuguzi mmoja mstaafu, Muzee Jean-Pierre, kutengeneza breki ya nyuma ya pikipiki yake. Muzee alikuwa na mguu mgonjwa, hakuweza kukanyaga, akamwita binti yake. "Finya," Anselme akasema toka chini. "Kamata. Usiachilie. Sasa achilia." Binti alikuwa na mguu wenye akili: hakuharakisha, hakuchelewa, kama vile alikuwa anasikia visi inavyozunguka. Walimaliza mapema, na Anselme akasikitika kwamba wamemaliza. Kesho yake akarudi kuangalia kama breki bado inakamata. Keshokutwa akarudi tena. Wiki iliyofuata akarudi, mpaka Muzee Jean-Pierre akamwambia, "Kijana, breki yangu iko muzima. Sema ile shida inakuletaka hapa."

Tangu waoane, kila breki ya disiki iliyofunguliwa pale garajini ilifungwa kwa mguu wa Dorothée. Anselme alilala chini akapiga kelele tu, "Mama Élise, mguu!" naye akaacha sombe motoni, akaja akifuta mikono. Wateja walitania kwamba fundi ameoa pedali. Anselme alicheka pamoja nao, lakini alijua wasilolijua: chini pale, uso karibu na gurudumu, akisikia mafuta yakisukumwa na mguu ule, hapakuwa na mwanamume mwenye raha kumzidi yeye Bigo nzima. Hakumwambia mkewe neno hilo hata siku moja. Alidhani Dorothée anajua.

Muzee Jean-Pierre alipofariki, pikipiki ikabaki kwa Dorothée. Ilikuwa mashine ya kale, nzito, iliyoletwa na mapadri wa kizungu enzi ambazo barabara ya Mahagi ilikuwa bado barabara. Tangi lake lilikuwa jekundu lililofifia, na mlio wake ulikuwa wa mtu anayesafisha koo kabla ya hotuba. Ajabu yake ni kwamba nyuma ilikuwa na disiki, wakati wenzake wote wa siku zile walikuwa na breki za ngoma; ya mbele ilikuwa pambo tu. Miaka ya vita ililala chini ya magunia ya makaa, na waporaji wakaipita. Amani ilipokuja, ile amani yetu ya kutembea huku unatazama nyuma, Dorothée aliichomoa, akafunga mabidoni, yale madumu ya maziwa, pande mbili, akaanza kupanda milimani Bule kununua maziwa kwa wafugaji na kuyateremsha Bunia. Ni maziwa hayo yaliyomsomesha binti yao Élise huko Kisangani, si spana za baba yake, ingawa hilo halikusemwa mezani.

Lakini disiki ile ilikuwa bapa la chuma lisilo na tundu hata moja, na etrie yake ilibana kwa pistoni moja tu, kama mtu anayeshika samaki kwa kidole kimoja. Jua likiwaka, inakamata. Mvua ikinyesha, unakanyaga leo, inasimama kesho. Anselme alimfundisha mkewe dawa yake, kukanyaga na kuachilia harakaharaka. "Pompa, Mama Élise. Pompa, pompa, ya mwisho itakamata." Akazoea. Ikafika mahali mguu wake ukawa unapompa wenyewe, bila yeye kuujua.

Sasa, huko kwingine breki ni ya mteremko. Kwetu breki ni ya bariere. Askari amevuta kamba barabarani, ana bunduki, hajalala vizuri, anaona pikipiki inakuja kasi na haisimami. Atafikiri nini? Siku moja ya mvua Dorothée alishuka kutoka Bule, akaiona kamba, akapompa, akapompa tena, akapompa tena, kamba ikamjia kifuani. Alijiangusha mwenyewe kando. Maziwa yakamwagika, yeye akanyoosha mikono juu hukohuko matopeni, akisikia bunduki inakokiwa. Askari alikuwa mtu wa Mungu, hakupiga. Alimtukana mpaka akachoka, kisha akamsaidia kuinua pikipiki.

Alipofika nyumbani alimwonyesha mumewe goti lililochubuka.

"Papa Élise, hii breki inataka kuniua. Tuitoshe yote, tutie ile ya sasa, ya pistoni mbili. Niliona zinauzishwa."

"Ile breki nilitengeneza mbele ya baba yako," Anselme akasema. "Iko breki ya heshima. Nitabadilisha plakete, itaenda."

"Plakete umebadilisha mara mingapi? Kila siku unasemaka kesho, kesho."

"Mutu hatiake meno ya kijana mu kinywa ya muzee."

"Baba yangu alishakufa, Papa Élise," Dorothée akasema, bila hasira. "Miye bado."

Mtu mwenye masikio angesimama palepale akatafute spana. Anselme alikuwa na masikio, tatizo lilikuwa kichwa. Breki ile ndiyo iliyomleta kwa Dorothée. Kuing'oa aliona ni sawa na kung'oa siku ile yenyewe, na mwanamume wa umri wake ataanzaje kumwambia mkewe jambo kama hilo bila kuchekwa? Basi akanyamaza. Alipiga plakete tupa, akazirudisha, akasema iko sawa. Mganga hajigangi.

Upande wa pili wa barabara, uso kwa uso na garaji yake, alikuwa amehamia fundi mwingine, Katsuva. Alitoka Butembo na mkewe Emérance wakati kwao kulipochafuka, akaja na mashine ya kutoboa chuma na masanduku ya vipuri kutoka Kampala. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Anselme aliona huyu mgeni amekuja mwenyeji augue. Na ubaya wake, Katsuva alikuwa na adabu! Kila asubuhi alivuka barabara kumwamkia, "Jambo, mukubwa, ulilala?" na kila "mukubwa" ilimchoma Anselme kuliko tusi, kwa kuwa haikumpa sababu ya kumchukia. Mwenye wivu anataka sababu. Asipopewa anaifuga mwenyewe, na anailisha vizuri.

Ijumaa, siku ya pili baada ya ile ya goti, aliona pikipiki ya tangi jekundu haiko uani, akadhani Dorothée amepanda Bule. Alikuwa anavuka kwenda kununua sigara alipopita nyuma ya ukuta wa mbao wa Katsuva, akasikia sauti ya mwanamume.

"Finya, Mama Élise. Finya muzuri."

"Nimefinya." Sauti ya mke wake!

"Kamata vile. Usiachilie. Eeh, inakuya, inakuya..."

"Niachilie?"

"Bado! Bado kidogo. Haya, sasa."

Kisha wote wawili wakacheka.

Aka! Anselme aliona ukuta wote mweusi. Hakuzunguka mlangoni, alisukuma ubao mmoja uliolegea akaingilia hapo, shati likachanika begani. Akamkuta Dorothée amekaa juu ya pikipiki ya baba yake, mguu wa kuume kwenye pedali. Katsuva alikuwa amelala juu ya karatoni upande wa kushoto, ameshika mpira mwembamba wa dripu ya hospitali uliotoka kwenye etrie mpaka ndani ya chupa. Na kando yao, juu ya kigoda, Emérance alikuwa anachambua mboga za lenga-lenga, mtoto mgongoni.

"Karibu, Papa Élise," Emérance akasema. "Mulango iko huku."

Angewakuta wamekumbatiana angejua la kusema. Maneno ya jambo hilo yapo, mtu anayakuta tayari. Lakini ya hili hayakuwapo, na lililomtoka ndilo lililokuwa moyoni.

"Dorothée! Unamukanyagia?"

Emérance aliangua kicheko mpaka mtoto akaamka. Katsuva, maskini, hakucheka. Aliinuka akijifuta mikono, akaanza kumweleza mwenzake kazi, kama fundi kwa fundi, akidhani hilo litamtuliza.

"Angalia, mukubwa. Disiki ni ileile, niliitoboa tu matundu ya kuzunguka, maji ipate pa kutokea. Etrie iko ya pistoni mbili. Hii patte ya kuishikilia nilikata mu ressort ya kamio. Na pampu ya pedali nilitia kubwa, sababu etrie kubwa inaombaka mafuta mingi. Uko unaona kosa?"

Anselme akainama kutafuta kosa. Alilitafuta kwa bidii kuliko alivyowahi kutafuta kitu, Bikira Maria ni shahidi. Alitazama kile kipande kilichokatwa kwenye springi ya lori: kimenyooka, kingo zimepigwa tupa, kimeipeleka etrie katikati ya disiki barabara. Alitazama mpira mpya uliosukwa kwa nyuzi za chuma: haugusi gurudumu. Alitazama kavisi ka upepo: kako juu kabisa, panapotakiwa. Kazi ilikuwa nzuri. Angeifanya yeye, isingekuwa nzuri zaidi ya hapo, na hapo ndipo wivu ulipowaka kweli.

"Inaweza kwenda," akasema, akatoka, safari hii kwa mlango.

Nyumbani alimngoja mkewe na hotuba yake tayari. Dorothée hakumpa nafasi ya kuianza.

"Niliomba weye kwanza," akasema. "Juzi niliomba, na mwaka ulipita niliomba. Ungesema ndiyo, ningekukanyagia weye."

"Na umemulipa na nini?"

"Na maziwa ya mutoto ya Emérance. Sasa maziwa nayo unaionea wivu?"

Jumamosi alipanda Bule akashuka, na mvua ilinyesha njia nzima. Alirudi amelowa, akicheka peke yake tangu mlangoni. Hakuweza kunyamaza. Alisimulia huku akila, akisahau tonge mkononi: jinsi alivyoiona kamba toka mbali, jinsi alivyokanyaga mara moja tu, moja!, na pikipiki ikatulia palepale, mpaka askari akasogea kutazama kuna nini nyuma. Katsuva alikuwa amemwambia asikanyage kwa nguvu, gurudumu litafunga. Katsuva alisema plakete zitazoeana na disiki baada ya siku chache. Katsuva alisema. Katsuva alisema. Kila jina lilipotajwa Anselme alimeza bugali bila kutafuna. Mkewe hakuwahi kumsimulia breki yake yeye kwa uso ule. Uso ule aliujua, ni ule wa binti wa Muzee Jean-Pierre, na sasa mwanamume mwingine ndiye aliyeuleta nyumbani kwake.

"Katsuva huyu," akasema mwishowe, "ipo siku mutaona kazi yake."

"Nimeshaona," Dorothée akasema, akaosha mikono.

Jumapili asubuhi Anselme alisema kichwa kinamuuma. Dorothée akavaa kitenge chake cha misa, akaenda kuimba peke yake. Nyumba ikanyamaza. Pikipiki ilikuwa imesimama uani, inang'aa, maana Dorothée alikuwa ameipangusa. Anselme aliizunguka, akaizunguka tena. Kisha akachukua spana ndogo, akafungua kale kavisi nusu mzunguko, akaja upande wa pili, akakanyaga pedali, akaiachilia huku visi ikiwa wazi. Ikavuta upepo kwa sauti ndogo ya mtu anayenyonya jino. Akafunga. Akapangusa tone la mafuta lililoanguka. Kazi ya kufumba na kufumbua.

Hesabu yake ilikuwa hii. Kesho kabla ya kutoka Dorothée atakanyaga pedali, ataikuta laini, atasema, "Papa Élise, kuya uone." Yeye ataangalia, atatikisa kichwa, atasema kazi za wageni ndivyo zilivyo. Atalala chini. Ataita mguu. Basi. Hakumtakia mtu mabaya, alijiambia. Alitaka tu kuitwa.

Alikuwa bado anajiambia hivyo wakati jirani yake Bernadette, aliyetoka misa ya kwanza, alipomwita juu ya ua.

"Papa Élise! Ambia Mama Élise kesho aende mupole. Ile bariere ya Bule walibadilisha maaskari. Usiku masasi ililia huko juu. Hawa wapya hawachekake na mutu!"

"Nitamuambia," Anselme akajibu.

Akasimama palepale na mkono kwenye ua. Kisha akageuka kuitazama pikipiki. Kwa maana alikuwa fundi, hata akiwa mpumbavu alikuwa fundi, na fundi aliye ndani yake akaanza kumwambia ambalo mwenye wivu hakutaka kulisikia. Upepo kidogo una hila. Ukikanyaga mara moja, pedali inazama. Ukipompa, inapanda, inakuwa ngumu, inakudanganya kwamba iko nzima. Na ni nani aliyeufundisha mguu wa Dorothée kupompa? Miaka yote hiyo! Kesho alfajiri mguu ule ungegusa pedali, ungepompa wenyewe, ungesikia ugumu, ungeridhika. Asingeita mtu. Angepanda Bule, ashuke na mabidoni yaliyojaa, aione kamba na askari wapya nyuma yake, na mara hii, kwa kuwa sasa ana breki ya kuaminika, asingepunguza mwendo toka mbali, angekanyaga mara moja tu, na pedali ingezama.

"Yezu wangu," Anselme akasema. "Nimeua mutu."

Alirukia spana. Lakini kuingiza upepo ni kazi ya mtu mmoja, kuutosha ni ya wawili. Pikipiki nyingine mtu mwenye mikono mirefu anaweza kujaribu. Hii pedali yake iko kuume na disiki iko kushoto, angehitaji mikono ya nyani. Alifunga pedali kwa kamba akaivuta chini, akakimbia upande wa pili, akafungua visi. Mafuta yalitoka, pedali ikazama mpaka mwisho, na kabla hajafunga upepo ukarudi, zaidi ya ule wa kwanza. Akaweka jiwe juu ya pedali. Jiwe likaanguka. Akajaribu kulala juu ya kiti kwa tumbo, mguu huku, mkono kule, pikipiki ikamwangukia. Ule mpira wa dripu na chupa vingemsaidia kuifanya peke yake, lakini vilikuwa ng'ambo, kwa Katsuva. Angemwita Bernadette aje akanyage, na kabla ya saa sita Bigo nzima ingejua. Akainua pikipiki, akafunga kamba tena. Mikono ilikuwa inateleza mafuta, na kwa mara ya kwanza tangu aanze ufundi alikuwa analia juu ya kazi.

Ndivyo Dorothée alivyomkuta. Alisimama mlangoni mwa ua na kitabu chake cha nyimbo. Akatazama kamba kwenye pedali, jiwe, spana, mafuta chini. Hakuna mwanamke Bunia nzima aliyejua vizuri kuliko yeye maana ya vitu hivyo vikiwa pamoja.

"Ilikuwa inavuja?" akauliza.

Mlango wa kutokea huo hapo, umefunguliwa kwa hisani. Angesema ndiyo. Mdomo ulikuwa umeshaanza kusema ndiyo.

"Hapana," akasema. "Haikukuwa inavuja. Ni miye niliingiza upepo."

Dorothée akaitazama etrie.

"Nilitaka uone Katsuva hajue kazi. Nilitaka uniite. Nilisikia wivu, Dorothée, wivu mubaya, tangu Ijumaa sikule muzuri, silale. Si juu ya breki. Juu ya mguu yako. Ile mguu iko yangu. Kisha Bernadette akasema maaskari wamebadilishwa, na niko nakumbuka weye unapompaka kwanza..." Hakuweza kumaliza.

Dorothée alimaliza mwenyewe, kichwani mwake; Anselme aliona anavyomaliza. Aliona macho yake yanakwenda kwenye pedali, yanapanda njia ya Bule, yanashuka, yanafika kwenye kamba. Yalikaa hapo muda. Kisha Dorothée aliweka kitabu chake juu ya dirisha, akavua viatu vya kanisani, akafungua kamba kwenye pedali, akapanda.

"Lala chini," akasema.

Anselme akalala. Hapakuwa na karatoni, alilala kwenye udongo.

"Finya," akasema. "Kamata."

"Nimekamata."

Akafungua. Upepo ukatoka na povu jeupe. Akafunga. "Achilia." Na tena. Na tena. Mguu ulikuwa uleule. Haukuharakisha, haukuchelewa, hata sasa, na hasira iliyokuwa ndani yake, haukumkosea hata mara moja. Anselme, shavu kwenye vumbi, alisikia moyo wake unarudi mahali pake. Mungu ni mwema, akafikiri. Amenisamehe. Mtu hawezi kukanyaga hivi kwa mtu ambaye hajamsamehe. Aliongeza mafuta, wakarudia mpaka hapakuwa na povu tena, na pedali ikasimama juu, ngumu kama jiwe la mto.

"Imekamata," akasema, akiinuka, akicheka na machozi usoni. "Imekamata, Mama Élise! Sikia mwenyewe!"

Dorothée alikanyaga mara moja, bila kupompa. Akatikisa kichwa kukubali. Akashuka, akavaa viatu, akatoa stendi, akaanza kuisukuma pikipiki kuelekea mlango wa ua.

"Unaenda wapi?"

"Kwa Katsuva. Aifungue, aangalie."

"Lakini iko muzima! Si umesikia na mguu yako?"

"Nimesikia. Iko muzima."

"Sasa juu ya nini?"

Alisimama, mikono kwenye usukani. Alimtazama bila ukali, na Anselme angetoa garaji yote ili ukali uwepo.

"Jana sikukuwa na sababu ya kuamini Katsuva kuliko weye," akasema. "Leo umenipatia."

Akatoka. Hakuwasha hata moteri. Aliisukuma ile mashine nzito kwa mikono miwili, ndani ya kitenge chake cha misa, na watu waliokuwa wanarudi makanisani wakampisha njia. Ng'ambo ya barabara, pale njia inapopanda kidogo, alielemewa, akasimama kupumua. Anselme alianza kwenda kumsaidia kusukuma, akafika mpaka mlangoni mwa ua, kisha akasimama, kwa sababu hakuitwa.